Tusimwambie mtoto asubiri wakati dawa ya maumivu ipo

  

Juma hili sitazungumzia ugomvi wa bodi za misikiti wala mwandamo wa mwezi, ingawa najua wapo wasomaji wanaongojea hayo. Nataka kuzungumza juu ya siku tisa. Ni siku ambazo mtoto mmoja wa Kiislamu aliteseka kwa sababu yangu mimi, imamu wake na mwalimu wake wa madrasa. Nimetubia kwa Mola wangu, na wazazi wake nimewaomba radhi wakanisamehe, Allah awalipe. Lakini nimeona kutubia kimya kimya hakutoshi ikiwa wapo maimamu wengine katika miji mingine ambao kesho wataulizwa swali nililoulizwa mimi, na watajibu kama nilivyojibu.

Anayeijua Tunduma anajua kelele zake. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, hupanga foleni kwenye barabara kuu usiku kucha, madereva wakiwasha injini na kuzima, wabadilisha fedha wakiitana, na vilabu vikishindana kwa muziki. Kwa sensa ya mwaka 2022 ni mji wa watu zaidi ya laki mbili, na haulali. Mtoto akilia usiku nyumba ya pili, hasikiki. Mimi nilikuwa nyumba nne tu kutoka kwa huyo ninayemzungumzia na sikumsikia. Au pengine nilimsikia nikadhani ni kichanga kinataka kunyonya, nikageukia upande wa pili.

Alikuwa na umri wa miaka minane, na alikuwa amehifadhi nusu ya Juzuu Amma. Baba yake ni mpakia mizigo kwenye malori, mama yake huuza vitumbua asubuhi. Alianza kwa kuchechemea. Tukasema kaumia mpirani. Akapelekwa kwa mzee anayekanda mifupa, akakandwa, uvimbe juu ya goti ukazidi. Nikamwandikia kombe mimi mwenyewe akanywa siku saba. Kombe silijutii, Qur'an ni shifaa na mimi naamini hivyo. Ninachojutia ni kwamba tuliishia kwenye kombe kwa miezi mitatu. Walipofika hospitali Mbeya, kisha Dar es Salaam, ikaonekana kuwa ni saratani ya mfupa wa paja, na ilikwisha kupanda kwenye mapafu. Wazazi wale waliuza pikipiki, wakauza na kiwanja chao kule Chapwa. Mwisho wakaambiwa dawa za kuiondoa saratani yenyewe hazitasaidia tena, wamrudishe mtoto nyumbani.

Ndugu msomaji, unajua maneno hayo yanavyopokelewa katika mitaa yetu. "Wamerudishwa" maana yake hospitali imekunja mikono. Majirani wanaanza kuongea kwa sauti ya chini, na watoto wenzake wanakatazwa kwenda kucheza pale. Na sisi watu wa dini tunapata nafasi yetu.

Nilikwenda. Nikakaa kwenye mkeka, nikasoma dua, nikamweleza mama yake fadhila za subira na daraja za wanaosubiri. Nikaacha shilingi elfu kumi chini ya mto. Mtoto alikuwa amelala ubavu, uso umekunjamana, ameng'ata kona ya shuka. Nilipoinuka kuondoka aliitoa ile shuka mdomoni akaniuliza, "Ustadhi, Mwenyezi Mungu amenikasirikia?"

Nikamjibu kwamba Mwenyezi Mungu akimpenda mja humpa mtihani, na kwamba maumivu hufuta dhambi. Nikaondoka nikiwa nimeridhika na jibu langu.

Hebu tulitazame jibu hilo. Dhambi gani? Ni katika mambo ya awali kabisa tunayowasomesha watoto wetu kuwa kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe. Hadithi hiyo ipo kwa Abu Dawud na kwa Tirmidhi, hakuna asiyeijua. Mtoto wa miaka minane haandikiwi dhambi, basi ni dhambi ipi aliyokuwa akifutiwa usiku ule kwa kung'ata shuka? Mafundisho ya kufutiwa madhambi kwa maradhi ni ya kweli, na ni faraja kubwa kwa mtu mzima anayejijua alivyoishi. Mimi niliyachukua nikamvika mtoto, kama mtu anayemvalisha kijana kanzu ya babu yake. Matokeo yake alilala akidhani ametenda kosa fulani ambalo halijui.

Siku chache baadaye alikuja nyumbani kwangu sista mmoja, muuguzi, mwenyeji wa Mbozi. Si Muislamu. Anapanga mtaa ule ule. Yeye alikuwa amekisikia kilio, maana wenye kazi yao husikia. Akaniambia, "Shehe, yule mtoto hapaswi kulia vile. Iko dawa ya maji, inaitwa mofini, anapewa kwa mdomo. Nimezungumza na daktari Mbeya, atamwandikia. Lakini mama yake amekataa mpaka wewe useme."

Mpaka mimi niseme! Nami nikauliza mofini ni kitu gani. Akanieleza kwa uaminifu kabisa kuwa asili yake ni ule mmea unaotoa afyuni. Nikaona giza. Tunduma ni mpakani, ndugu zangu. Sisi neno dawa za kulevya hatulisomi magazetini tu, vijana walioharibiwa na unga tunawajua kwa majina, na wengine tumewazika. Nikamwambia sista anipe muda niulize. Nikamwambia na mama wa mtoto asubiri kwanza.

Nikapiga simu kwa masheikh wawili, mmoja simu haikupatikana, wa pili akaniahidi kutazama vitabu. Ikaja Ijumaa, nikawa na hotuba. Ikaja shughuli ya maulidi kule Mlowo. Kwa ufupi, zilipita siku tisa. Katika siku hizo nilikula nikashiba na nililala usingizi. Yeye hakulala.

Nilipopata jibu nilifedheheka, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa limeshazungumzwa na wanachuoni siku nyingi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba kilichofanyika Jeddah Mei 1992, lilipitisha uamuzi juu ya matibabu. Wamesema kutibiwa ni jambo la kisheria, na kwamba hukumu yake hubadilika kulingana na hali ya mgonjwa. Kisha wakaja kwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Wakaeleza kuwa ni wajibu wa madaktari na wa jamaa zake kumpa moyo, kumtunza na kumpunguzia maumivu ya mwili na ya nafsi, awe anatarajiwa kupona au hatarajiwi. Uamuzi huo ni wa miaka mingi kabla mtoto huyu hajazaliwa, na mimi nilikuwa natafuta fatwa.

Ama hoja ya ulevi, tusichanganye mambo. Anayekunywa ili apoteze akili yake anatafuta kitu kimoja, na mtoto anayenyweshwa tone lililopimwa kwa uzito wa mwili wake ili alale, ale na amtambue mama yake, anatafuta kingine. Wafanyiwao upasuaji hupewa dawa za kuwalaza kabisa wasijitambue, na sijawahi kumsikia sheikh yeyote akimzuia mkewe kufanyiwa upasuaji wa uzazi kwa hoja hiyo. Na Qur'an yenyewe imeiweka wazi kanuni ya mwenye kudharurika, katika Suratul Baqarah aya ya 173 na katika Al-Maidah aya ya 3.

Sasa nije kwenye kisa ambacho nilikuwa nakisomesha kila mwaka bila kukielewa. Kipo kwa Bukhari na Muslim, amekisimulia Usama bin Zayd (r.a.). Binti mmoja wa Mtume (s.a.w.) alimtumia baba yake ujumbe kuwa mtoto wake yuko katika hali ya kukata roho, basi afike. Mtume (s.a.w.) akamrudishia salamu, na akamkumbusha kuwa alichokitoa Allah na alichokitwaa vyote ni vyake, na kwamba asubiri na ataraji malipo. Tazameni, ndugu zangu. Ujumbe wa subira ulitumwa, na ulitoka kwa mbora wa viumbe. Je, yule mama aliridhika nao? Hapana, alituma tena, safari hii akaapa kwamba lazima aje.

Mtume (s.a.w.) hakusema binti yangu hana imani. Aliinuka akaenda, na pamoja naye Saad bin Ubada, Muadh bin Jabal, Ubayy bin Kaab, Zayd bin Thabit na wengineo, yaani vigogo wa umma. Akawekewa mtoto mapajani, na pumzi za yule mtoto zinakoroma kifuani kama maji ndani ya kiriba kikuukuu. Macho ya Mtume (s.a.w.) yakatiririka machozi. Saad akashangaa, akauliza ni nini hiki. Naye akajibu kuwa hiyo ni rehema ambayo Allah ameiweka katika nyoyo za waja wake, na kwamba Allah huwarehemu wale wenye huruma.

Miaka yote nilikuwa nikisimamia pale kwenye ujumbe wa kwanza, ule wa subira. Nilikuwa sijafika kwenye "akainuka akaenda". Sisi wengi tumegeuza subira kuwa zawadi ya kumwachia mwenye msiba ili sisi tupate kuondoka. Yaaqub (a.s.) alikuwa nabii, na alilia mpaka macho yake yakawa meupe (12:84). Ayyub (a.s.) alimlilia Mola wake kuwa madhara yamempata, na ndiye mfano wetu wa subira! Tena katika Surat Saad (38:42) hakuambiwa aendelee kuvumilia tu; aliamrishwa apige mguu chini, yakatoka maji baridi ya kuogea na ya kunywa. Aliletewa kitu cha kumwondolea adha. Na Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiingia kwenye swala akiwa amenuia kuirefusha, akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha kwa kuchelea uzito anaoupata mama yake. Swala, nguzo ya dini, ilifupishwa kwa kilio cha mtoto. Na mimi niliona hotuba na maulidi ya Mlowo haviwezi kungoja.

Huduma ninayoizungumzia wataalamu wa wizara wameipa jina la tiba shufaa. Ni jina zuri kwa sikio la Muislamu. Maana yake ni kumhudumia mgonjwa mwenye maradhi makubwa, pamoja na familia yake, kwa kumwondolea maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi, vidonda, hofu na upweke. Wengi wanafikiri ni huduma ya watu wa kufa tu. Sivyo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kwa watoto ianze siku ile ile ugonjwa unapogunduliwa, iendelee sambamba na matibabu mengine, na wapo watakaopona huku wakiwa wanaipata. Haiharakishi kifo, wala haivuti maisha kwa nguvu.

Mahitaji yake yanaongezeka nchini kwetu, na sababu moja, ajabu yake, ni jambo la kheri. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2004/05 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 112 walikuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha 43. Alhamdulillahi. Chanjo, vyandarua na dawa vimefanya kazi. Lakini watoto waliokuwa wakichukuliwa mapema na malaria na surua sasa wanaishi, na miongoni mwao wamo wenye sikoseli, wenye matundu ya moyo, waliozaliwa na virusi vya Ukimwi, wenye vichwa vikubwa, waliopooza na wenye saratani. Inakadiriwa kuwa kila mwaka watoto wapatao 11,000 huzaliwa na sikoseli nchini. Aliyewahi kumwona mtoto wa sikoseli akishikwa na maumivu ya mifupa hahitaji kuelezwa zaidi. Katika mji kama wetu wa mpakani, wenye madereva na wasafiri wa kila aina, Ukimwi nao tusiusahau, japo tunapenda kuusahau.

Duniani kote, watoto wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona, na katika nchi maskini hawafiki 30. Tofauti hiyo imetokana na kuchelewa, umaskini na umbali. Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900 kwa barabara. Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, una watu zaidi ya milioni 1.3, na mzazi wa Momba au Ileje akiambiwa ampeleke mwanawe Muhimbili huanza kwanza kuhesabu ng'ombe.

Kuhusu hiyo mofini, jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2017 lilieleza kuwa kati ya tani karibu 300 za dawa za jamii hiyo zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata sehemu ya kumi ya tani moja. Na likasema watoto karibu milioni mbili na nusu hufa kila mwaka katika mateso makubwa ambayo yangeweza kupunguzwa, na zaidi ya 98 kati ya kila 100 ni wa nchi zinazoendelea. Wala si kwa sababu dawa ni ghali. Ni unga unaochanganywa na maji katika chupa ya plastiki. Jirani zetu Uganda walianza kuitumia hivyo mwaka 1993, kwa juhudi za daktari mwanamke wa Kiingereza, Anne Merriman, na mwaka 2004 sheria yao ikawaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Kinachotuzuia ni hofu, na hofu ya mimbari ni kubwa kuliko ya polisi.

Hapa niseme neno litakalowaudhi baadhi yetu. Kule Arusha Walutheri wa hospitali ya Selian wamekuwa wakiwafuata wagonjwa wa namna hii majumbani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Dar es Salaam Wakatoliki walianzisha PASADA mwaka 1992, na wameuguza watu wa dini zote, wakiwemo Waislamu wengi. Tumezoea kulalamika kuwa wenzetu wana hospitali kwa sababu wanapendelewa. Malalamiko hayo yana mahali pake na safu hii imeyaandika. Lakini kumfuata mgonjwa nyumbani na beseni la maji ya uvuguvugu kunahitaji ruzuku ya nani? Sisi ndio wenye Nuruddin Zangi aliyejenga hospitali ya wakfu Damascus karne ya sita Hijria. Sisi ndio wenye Rufayda (r.a.). Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq alipigiwa hema ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) ili awe karibu kutazamwa. Msikiti wetu umebadilisha zulia mara mbili katika miaka mitano.

Nirudi kwa kijana wetu. Siku ya kumi mama yake na sista waliondoka alfajiri kwenda Mbeya, wakarudi Magharibi na chupa. Dawa ni chungu, alitema ya kwanza. Ilipimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kila baada ya saa nne, na nyingine ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga tumbo. Akalala karibu siku mbili mfululizo. Mimi nikaingiwa na hofu kuwa ndiyo hayo ya ulevi. Sista akacheka, akasema, "Shehe, huyu ana deni la usingizi la mwezi mzima." Siku ya tatu akaamka akaomba wali na dagaa.

Aliishi wiki tano baada ya hapo. Maumivu yalikuwa yakirudi, kipimo kikipandishwa. Baba yake alikuwa akimbeba mgongoni Alasiri kumleta barazani madrasa, anakaa kwenye godoro, wenzake wakisoma naye anafuatisha. Alimaliza Suratul Fajr. Alinifundisha kutumia simu yangu, ambayo nilikuwa naishika kama tofali. Siku moja nikamwambia kuwa jibu nililompa siku ile lilikuwa la makosa, hana dhambi yoyote, na Mwenyezi Mungu hakumkasirikia. Nikamsimulia kile kisa cha mjukuu wa Mtume (s.a.w.). Akaniuliza, "Mtume alilia kweli?" Nikasema alilia, mbele ya watu. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mwambieni bibi asimkataze mama."

Alifariki Alhamisi kabla ya adhana ya Alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake. Mama yule hazungumzi sana. Siku ya hitima aliniambia, "Sheikh, zile wiki tano nilikuwa na mwanangu. Kabla ya hapo nilikuwa na maumivu yake tu." Hakutaja zile siku tisa. Mimi ndiye ninayezitaja.

Tangu hapo tumeanza jambo dogo. Si taasisi, halina jina wala mhuri. Katika ofisi ya msikiti kuna kabati, ndani yake mna magodoro mawili ya kufutika kwa maji, mashuka, mabeseni, glavu na kibubu cha nauli. Nimesema na wafanyabiashara wetu wa mpakani kuhusu zaka. Aya ya 60 ya Suratut Tawba inawataja mafakiri na masikini kabla ya wengine wote, na mzazi aliyeuza kiwanja kwa ajili ya saratani ya mwanawe ameingia humo kwa miguu miwili. Wengine wameelewa, wengine bado wanapenda kugawa khanga mwezi ishirini na saba Ramadhani. Yule sista huja Jumapili akitoka kanisani, anawafundisha akina mama wetu namna ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, namna ya kusafisha kinywa kilichokauka, na dalili za kuwahi. Hizo naziandika na hapa: uvimbe wa taya unaokua haraka kwa mtoto, tumbo kubwa upande mmoja, goti lililovimba bila kupona, jicho linalong'aa jeupe kama la paka kwenye mwanga. Mtoto wa namna hiyo asingoje kombe liishe. Apelekwe hospitali ya mkoa pale Vwawa au Mbeya, na kombe aende nalo.

Na ninyi maimamu wenzangu, mkija kuulizwa kuhusu ile chupa, jibu ni ndiyo, kwa mkono wa daktari na kwa kipimo chake. Msiniambie mnatafuta vitabu. Kwa wauguzi na matabibu Waislamu nina ombi pia. Mzazi akiambiwa "rudini nyumbani", aambiwe na jambo la pili: atakayemtembelea ni nani, dawa ya maumivu ataipata wapi ikiisha, na apige simu gani usiku. Ipo hadithi Qudsi kwa Muslim ambayo ndani yake Allah (s.w.) atamuuliza mwanadamu siku ya Kiyama kwa nini alipougua hakumtembelea, na mja atakapostaajabu, ataambiwa kuwa mja fulani aliugua, na lau angemtembelea angemkuta Allah kwake. Mimi nilikwenda nikakaa robo saa. Sijui kama hiyo inahesabiwa.

Hivi sasa tunao watoto watatu katika daftari letu, wawili wa sikoseli na binti mmoja wa miaka minne, wa Mpemba, ambaye jicho lake lilichelewa kuonekana. Chupa yake inakwisha keshokutwa. Mzee mmoja wa msikiti ametoa gari, linaondoka Tunduma baada ya swala ya Alfajiri kwenda Mbeya, na mama wa mtoto hajawahi kufika huko peke yake. Nafasi ya mbele imebaki, anahitajika mwanamke wa kumsindikiza.